Miezi Minne ya Kunong'ona

Watu wa banda la farasi walimwita Redio, naye hakukasirika, maana alijua wazi jina limetoka wapi. Mwanamke huyo aliongea tangu anapovaa buti zake za mpira asubuhi hadi anapozivua jioni. Aliongea na farasi, aliongea na ndoo, aliongea hata na kufuli lililogoma kufunguka. Na nikisema aliongea, sisemi soga mbili tatu za kupitisha wakati. Nasema maneno yasiyo na kituo wala mkato. Kaka yake, mwenye banda, alipenda kuwaambia wageni kwamba dada yake alizaliwa katikati ya sentensi, na mkunga ndiye aliyemkatiza.

Basi fikiria mtu wa namna hiyo afunge mdomo miezi minne. Kwa hiari yake mwenyewe! Na kwa ajili ya farasi.

Farasi aliitwa Biskuti. Alikuwa poni, wale farasi wa kimo kifupi wasiorefuka hata uwalishe nini, na rangi yake ilikuwa ya biskuti iliyosahauliwa kidogo kwenye oveni. Mama yake alikufa siku mbili baada ya kumzaa. Redio ndiye aliyemlea kwa chupa ya maziwa, ameketi kwenye nyasi kavu, akimsimulia mambo ya mtaa mzima: nani kahama, nani kanenepa, nani kanunua kochi lisilopita mlangoni. Redio hakujaliwa mtoto. Hakulalamika, lakini ungemwona anavyomsugua yule farasi nyuma ya masikio, ungeelewa bila kuambiwa.

Biskuti alipofikisha umri wa kupandwa, aliyempanda ni Kidoti, binti wa kaka mtu, mwenye miaka kumi na moja na alama nyeusi shavuni iliyompa jina hilo. Walipendana, mtoto na farasi. Kila jioni walitoka getini, wakapita mbele ya gereji ya malori iliyo jirani, wakaenda uwanjani kufanya mazoezi. Shangazi mtu alitembea pembeni akimwaga maneno, na safari zao zilikuwa za raha tupu.

Mpaka siku moja upepo ulipolinyanyua turubai la lori pale gereji, likapiga PAA! kama mlango uliobamizwa. Biskuti aliruka kando kwa miguu yote minne. Kidoti akabaki hewani, kisha akatua chini kwa mkono. Redio aliusikia ule mfupa ukivunjika, na nakuhakikishia, hilo si jambo la kusikia mara mbili.

Mama yake Kidoti, yaani wifi yake Redio, alikuwa nesi wa wodi ya mifupa. Hebu fikiria. Mwanamke anayeshinda kutwa akiona miguu iliyoning'inizwa na mikono iliyovikwa plasta, jioni analetewa wa kwake. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliukagua mkono, akamtazama wifi yake, akasema, "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, wifi."

"Haya," akasema, akampeleka mwanawe hospitali.

Neno hilo moja lilimkaa Redio kooni kama mwiba wa samaki.

Ndipo alipoamua kumtibu Biskuti woga, na alipoamua, aliamua kweli. Kilichomtisha farasi ni kelele, sivyo? Basi kelele zife. Redio ya banda, ile ya betri, ikazimwa na kufungiwa kabatini. Gurudumu la toroli likapakwa mafuta lisilie. Kaka mtu akakatazwa kupiga mluzi ndani ya banda lake mwenyewe. Mfagiaji akaambiwa aache fagio la chelewa, atumie la manyoya. Ndoo zikatandikiwa magunia ili zisigonge sakafu. Na mlangoni Redio akabandika kadibodi aliyoiandika kwa makaa: KIMYA, FARASI ANAUMWA MOYO. Kisha akafanya kubwa kuliko yote: akajizima mwenyewe. Alinong'ona tu. Akiwa karibu na Biskuti hata kunong'ona aliacha, akatumia ishara za mikono kama mtu anayeongoza ndege itue.

Hakukosea katika yale mengine, tusimwonee. Kazi ya farasi aliijua. Alitandaza turubai kuukuu mbali, Biskuti akiwa anakula. Kesho yake akalisogeza hatua moja. Akimwona ametulia, anampa kipande cha karoti. Polepole, siku hadi siku, bila kumlazimisha. Hivyo ndivyo farasi yeyote mwoga anavyofundishwa, na kwa farasi yeyote mwingine ingetosha.

Kwa Biskuti mambo yalizidi kuharibika. Alianza kushtukia ndoo, akashtukia kivuli chake, akashtukia kuku aliyemzoea tangu utotoni. Ukimtandika tu, shingo inakakamaa, macho yanatoka. Redio akazidisha kimya. Biskuti akazidisha woga. Wakaenda hivyo miezi minne, kila mmoja akimbebesha mwenzake hofu yake.

Mwisho wifi mtu akaja bandani, bado na sare yake nyeupe, akasimama mbele ya kadibodi ya mlangoni. Aliisoma mara mbili.

"Kuna bwana mmoja mwenye mashamba ya matunda," alisema. "Anataka farasi mdogo wa kuvuta mkokoteni. Nimeongea na mume wangu, amekubali huyo bwana aje Jumamosi ya wiki ya tatu kutoka leo."

Redio alimgeukia kaka yake. Kaka mtu alikuwa ameinama, anakagua kamba ya kiatu isiyokuwa na kasoro yoyote.

"Wifi, nipe nafasi," Redio akanong'ona.

"Mbona unanong'ona? Nimekupa miezi minne." Kisha akalegeza sauti kidogo. "Mtoto analia kila siku anataka kumpanda. Siwezi kumzuia milele, na siwezi kumruhusu apande farasi anayerukia kuku. Basi tufanye hivi. Asubuhi ya Jumamosi hiyo, kabla bwana hajafika, farasi apite mbele ya gereji, mwanangu juu, mtu asimshike hatamu, mimi nikiona kwa macho yangu. Akipita bila kuruka, anabaki. Akiruka, anaondoka. Na wewe, wifi, usije ukaninunia."

Haki ilikuwa upande wake, na hilo ndilo lililouma. Redio aliingia kwenye chumba cha Biskuti, akaegemea ubavu wake, akalia bila sauti, asije akamshtua.

Siku mbili baadaye alienda mjini kununua mkanda mpya wa tandiko. Aliporudi, alisikia makelele kutoka mwisho wa barabara. Nyundo inalia ngwa, ngwa, ngwa! Mtu anaimba kwa sauti ya kupasua bati, tena nje kabisa ya muziki. Alikuwa amesahau kwamba ilikuwa siku ya Fundi Kwato.

Fundi Kwato ndiye aliyewavisha farasi wote wa pale viatu vya chuma. Miaka thelathini ya kugonga nyundo ilikuwa imemla sikio la kushoto, na la kulia lilikuwa njiani. Aliongea na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Kadibodi ya mlangoni hakuiona, maana miwani aliivaa wakati wa kugonga misumari tu.

Redio alivamia banda akitikisa mikono yote miwili, uso umekunjamana, tayari kumkaba mtu. Akasimama ghafla.

Biskuti alikuwa amelala. Amesimama, ndiyo, lakini amelala: mguu mmoja mikononi mwa fundi, mdomo wa chini umening'inia kama soksi, masikio yameanguka huku na huku. Nyundo inagonga kwenye kwato zake yeye mwenyewe, na yeye anakoroma.

"Eh, umekuja!" Fundi akanguruma. "Nilidhani nyumba hii ina msiba! Nimeingia, mfagiaji ananionyesha kidole mdomoni. Kaka yako naye ananyata kwenye banda lake. Nikamuuliza kulikoni, akaninong'oneza kwenye sikio bovu!"

"Shii!" alisema Redio. "Farasi ni mwoga. Anashtuka."

"Anafanyaje?"

"ANASHTUKA!"

Hilo lilimtoka kwa sauti yake halisi, ya zamani. Biskuti akafumbua jicho moja. Hakuruka. Aligeuza shingo polepole, akamtazama mama yake wa chupa, akashusha pumzi ndefu mpaka mbavu zikatikisika, akaanza kulamba midomo na kutafuna pasipo na chakula. Ukimwona farasi anafanya hivyo, jua mzigo umemtoka.

Fundi aliuachia mguu, akaketi kwenye kisanduku chake. "Ngoja nikuulize. Mkitaka kumwonyesha hicho kinachomshtua, mnafanyaje?"

"Tunanyamaza wote kwanza."

"Na kabla ya kumtandika?"

"Tunanyamaza."

"Lo!" Fundi akajipiga paja. "Mama, mimi hapa sisikii vizuri, lakini nikiingia mahali watu wote wakanyamaza kwa pamoja, natafuta mlango. Wewe ukinyamaza mwenzako anajua kuna jambo. Huyu umemlea na domo lako tangu yuko mtoto. Siku aliyoogopa, domo likafungwa. Angejuaje kuwa hatari imepita, na hakuna aliyemwambia?"

Redio alikaa chini palepale sakafuni, na mkanda mpya mapajani. Miezi minne alikuwa akimnyima mtoto kitu kimoja tu alichokihitaji, tena kwa upendo, tena kwa kujinyima mwenyewe. Aibu ilimshika, na nyuma ya aibu kicheko, na nyuma ya kicheko maneno. Yakaja yote kwa mpigo, ya miezi minne, mpaka Fundi Kwato, kiziwi yule, akaomba radhi akaenda zake.

Kadibodi ikaenda jikoni kuwashia moto. Redio ya betri ikatoka kabatini. Mfagiaji akarudishiwa fagio lake la chelewa, akafagia kwa hasira ya kumkomoa mtu, kaka mtu akapiga mluzi mpaka midomo ikamkauka. Redio alimtandika Biskuti akimpa habari zote alizozikosa. Alimpanda mwenyewe kwanza, maana alikuwa mfupi na mwepesi. Wakizunguka turubai kwa mbali alimwambia habari za kochi lile, kwamba hatimaye lilikatwa vipande viwili. Wiki ya kwanza ilipoisha Biskuti alikuwa analikanyaga turubai kama zulia.

Tatizo likabaki kwa Kidoti. Mkono ulikuwa umepona, lakini mtoto mwenyewe alikuwa mpole, mwenye maneno ya kuhesabika. Akiliona turubai, mdomo unabana, magoti yanabana, na Biskuti chini yake anaanza kukakamaa.

"Ongea naye," shangazi akamwambia.

"Nimwambie nini, shangazi?"

"Chochote! Mwambie kuhusu shule."

"Hataelewa."

"Kwani mimi unadhani watu wananielewa? Sikiliza, mama. Ukinyamaza, unabana pumzi. Ukibana pumzi, mwili wote unakuwa ubao, na yeye anasema, huyo juu ameona chui. Mtu anayeongea lazima apumue. Ndiyo siri yote, hakuna nyingine."

Kidoti akaanza kwa kuona haya. Alimsimulia Biskuti juu ya mwalimu wa hesabu aliyetafuta miwani darasa zima, akawashuku wanafunzi, kumbe iko kichwani kwake. Sikio moja la Biskuti likageuka nyuma kumsikiliza. Kidoti alipoliona lile sikio alicheka, na magoti yakalegea yenyewe.

Wifi mtu alipita siku moja akawakuta wote watatu wanapiga domo. Alitikisa kichwa. "Kwa hiyo hii ndiyo dawa? Mimi sina muda wa kumpigia farasi soga." Lakini alisimama pale uani muda mrefu kuliko mtu asiye na muda.

Jumamosi ikafika, na upepo wake.

Redio hakuwa amepata usingizi. Alimsugua Biskuti mpaka akang'aa, akamkagua Kidoti kofia ngumu mara tatu, akaongea bila kupumzika, lakini safari hii aliongea ili asijisikie moyo unavyodunda. Kama mambo yangeharibika, mchana huohuo Biskuti angefungwa kwenye gari na kupelekwa kwa watu wasiojua kwamba anapenda kusuguliwa nyuma ya masikio. Wangempa majani na maji. Lakini nani angempa habari za mtaa?

Geti likafunguliwa. Kaka mtu alisimama upande mmoja, anapiga mluzi uliokosa pumzi. Wifi mtu alisimama upande wa pili, ng'ambo ya barabara, mikono kifuani, macho kwa mwanawe. Redio akakaa hatua kumi nyuma kama walivyokubaliana. Kidoti akatoka getini akiwa juu ya Biskuti, hatamu zimelegea, anasimulia jambo kuhusu shindano la kuruka kamba.

Pale gereji mafundi walikuwa wanafunika lori. Habari walikuwa wanazo, mtaa mzima ulikuwa nazo. Nao walikuwa watu wema. Mkubwa wao alipomwona mtoto anakuja, aliinua mkono, na mafundi wote wakaweka nyundo chini kwa heshima. Injini ikazimwa. Aliyekuwa anacheka akakatiza kicheko. Mtaa ukanyamaza tuli, na upepo ukaliingia turubai kwa chini, likaanza kuvimba.

Redio aliliona. Akataka kusema, "Tembea, mwanangu, ni kitambaa tu." Maneno yalikuwepo, ila alichokisikia masikioni ni ule mfupa. Redio, yule Redio, hakutoa hata sauti moja. Mluzi wa kaka mtu nao ukafa. Na Kidoti, aliyekuwa katikati ya neno, akanyamaza.

Biskuti akasimama. Kichwa juu, masikio mbele yamechongoka, mgongo umekakamaa chini ya tandiko. PAA! likapiga turubai. Miguu ya nyuma ya Biskuti ikajikunja tayari kuruka.

"We Kidoti!"

Ilikuwa sauti ya wifi mtu. Neno la kwanza lilitetemeka. La pili likakaa sawa.

"Vyombo vya asubuhi uliviosha?"

Kidoti aligeuza kichwa, mdomo wazi. "Mama!"

"Nimeuliza vyombo."

"Niliviosha."

"Na sufuria?"

"Sufuria... niliiloweka, mama."

"Uliiloweka! Tangu jana imelowekwa, imekuwa samaki hiyo? Na soksi zako chini ya kochi nani ataziokota, mimi?" Nesi alikuwa ameanza kutembea, ng'ambo ile ya barabara, sambamba na mwanawe, huku machozi yanamshuka na sauti haina hata chembe ya machozi. "Na daftari la sayansi! Mwalimu kanipigia simu, unafikiri sijui?"

"Lile nililisahau tu, mama, nilikuwa nimeliweka kwenye..."

"Kwenye nini? Sema, nakusikia!"

Na Kidoti akasema. Alijitetea, akapumua, akajitetea tena, magoti yakalegea kwa sababu mtu hawezi kubishana na mama yake huku amekauka kama ubao. Sikio moja la Biskuti likageukia nyuma. La pili likageukia ng'ambo ya barabara, kwa ile sauti mpya iliyojaa mambo. Turubai likapiga tena, PAA! Biskuti akalitupia jicho la pembeni, akashusha kichwa, akashusha pumzi, akatembea. Alipita lori, akapita mafundi walioshika midomo yao wasicheke, akapita pipa la mafuta machafu, mpaka mwisho wa ukuta. Pale Kidoti akamgeuza, wakarudi, bado wanagombana juu ya soksi.

Mafundi wakapiga makofi, na Biskuti hakujali hata kidogo.

Kidoti aliruka chini akamkumbatia farasi shingoni. Wifi mtu alivuka barabara, akamshika mwanawe mkono uleule, akaupapasa kutoka kiwikoni mpaka kiganjani kama alivyozoea kazini, kisha akauachia. Akamgeukia mumewe.

"Mpigie yule bwana wa matunda. Mwambie atafute punda."

"Nimwambie sasa hivi?"

"Kwani unataka nimwandikie barua?"

Kisha akamfuata Redio, aliyekuwa bado amesimama palepale, mikono imening'inia, uso umelowa. Redio alitaka kumwambia ahsante. Alitaka kumwambia pole kwa ule mkono, pole aliyoibeba miezi minne na zaidi bila kuisema hata mara moja. Yote yalikuwa yamekwama mahali pamoja.

Wifi mtu akamsubiri kidogo. Akachukua hatamu kutoka kwa Kidoti, akaziweka mkononi mwa Redio, akamfunga vidole juu yake.

"Ongea basi, wifi," alisema. "Utamtisha farasi."